Amri Iliyofuta Sauti ya Yeyo

Seleyian alikuwa akitengeneza kompyuta za watu Kitengela, katika chumba cha kupanga juu ya duka la dawa za mifugo. Wateja hawakukosa. Lakini akili yake ilikuwa kwa kakaye Koinet, aliyekuwa mwalimu wa madarasa ya chini upande wa Kisaju mpaka presha ya macho ilipompofusha, jicho moja kwanza, halafu la pili.

Mwalimu mkuu alimwambia Koinet waziwazi: darasa lake linafundishwa kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, na vitabu vyake ni vya Kimaa. Akipata namna ya kuvisoma, nafasi yake ipo. Kompyuta zinazosoma kwa sauti zilikuwepo, ila ukizipa Kimaa zilikitamka kama Kiingereza. Siku Koinet aliposikia mara ya kwanza alicheka sana, kisha akaomba izimwe.

Ndipo Seleyian alipoamua kuunda mfumo mzima upya. Alichukua mashine kuukuu na kuanza kujenga programu ile kuu inayoendesha kompyuta, kutoka kwenye msimbo wake wa asili, yaani maandishi yenyewe ya programu, kipande baada ya kipande, ili itakapowashwa tu ianze kuongea Kimaa. Sauti ingekuwa ya mama yao, Kakenya, waliyemwita Yeyo, irekodiwe sentensi kwa sentensi ili mashine iunganishe vipande vyake na kusoma kitabu chochote.

Walirekodi mchana, nyumbani kwa Yeyo karibu na Kajiado mjini, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani ili kelele za bodaboda zisiingie. Seleyian alisoma sentensi, Yeyo akairudia.

"Hicho ni Kimaa cha Kitengela," Yeyo alimkatiza mara nyingi. "Nani anaongea hivyo? Sikia." Kisha akaisema inavyotakiwa, na akacheka. Vicheko navyo vilibaki kwenye rekodi.

Wiki chache baada ya kumaliza, Yeyo alianguka kanisani. Kilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitalini mkono wa kulia ukiwa umelegea na ulimi usiotoa hata neno. Koinet alikaa kando ya kitanda, akaushika mkono ule, akageuza uso upande alikosikia pumzi za dadaye.

"Sauti yake uko nayo?"

"Niko nayo. Iko kwa mashine."

Seleyian hakuwa ameinakili mahali pengine. Alikuwa akipanga kufanya hivyo.

Maelezo aliyoyafuata kujenga mfumo ule yalionya tangu mwanzo: usijenge ukiwa msimamizi, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote ambaye mafundi humwita root. Fungua akaunti ndogo isiyo na kitu, ufanyie kazi humo, kwa sababu msimamizi akiamuru, kompyuta haimuulizi wala haimkatalii. Seleyian alilijua hilo vizuri. Lakini akaunti ndogo ilimchosha. Kila hatua alikataliwa, kila mara aliulizwa nywila, na Koinet alikuwa anangoja. Kwa hiyo aliingia kama msimamizi na kubaki huko kabisa. Kila kitu chake kilikaa kwenye folda ya nyumbani ya msimamizi, pamoja na sauti ya Yeyo.

Jumamosi moja mchana ujenzi ulikwama katikati. Akaamua kufuta alichojenga na kuanza tena. Alifungua dirisha jipya la amri, akaandika amri mbili alizozizoea: ingia mahali mfumo mpya unapojengwa, kisha futa vyote vilivyomo. Mahali pale alikuwa amepaita kwa jina fupi alilolitaja kwenye dirisha la awali tu, na dirisha jipya halikulijua jina hilo. Kompyuta ikawa imeambiwa iende pasipotajwa, na ikiambiwa hivyo humrudisha mtumiaji kwenye folda yake ya nyumbani. Ikaenda huko. Ikafuta vyote.

Alishangaa jinsi ilivyomaliza haraka. Alipotafuta rekodi, folda ilikuwa tupu.

Alipaswa kuzima mashine papo hapo. Badala yake alipakua programu za kurudisha vilivyofutwa, moja ikishindwa akaweka nyingine, akizihifadhi kwenye diski ileile, bado akiwa msimamizi. Kila alichoweka kilikalia sehemu ya alichokitafuta. Alipolielewa hilo alichomoa waya ukutani, akakaa sakafuni, akalia mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza kama kuna msiba.

"Ni kama uko," alimjibu.

Aliipeleka diski Nairobi kwa Ndolo, fundi wa kuokoa data. Ndolo alipompigia simu hakumficha.

"Nani alikuambia uendelee kuitumia? Nimepata vipande tu. Nusu neno hapa, kikohozi pale. Iko kicheko kimoja kizima."

"Sentensi?"

"Hakuna, dada. Pole."

Alimwambia Koinet siku hiyohiyo, wamesimama nje ya nyumba ya Yeyo. Koinet hakupiga kelele.

"Ulijua haifai?"

"Nilijua."

"Na ukafanya."

"Nilitaka urudi kazini haraka."

"Usiniweke mimi hapo," alisema, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia na kufunga.

Seleyian alimpelekea Yeyo kile kicheko kwenye simu, akidhani labda kitaamsha kitu ndani yake. Yeyo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageukia ukuta, na machozi yakashuka kwenye mto. Seleyian hakukicheza tena.

Miezi ilipita bila Koinet kupokea simu zake. Seleyian alijenga mfumo upya, safari hii kwenye akaunti ndogo, akikataliwa na kuulizwa nywila kila hatua, na hakulalamika. Ukakamilika bila sauti. Mwishowe Koinet ndiye aliyepiga.

"Muhula unaanza. Shule haitaningoja tena. Soma wewe."

"Kimaa changu unakijua."

"Nitakurekebisha."

Wakatundika mablanketi tena. Yeyo alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Koinet alimrekebisha kwa ukali, bila utani, na Seleyian akarudia kila neno hadi kakaye aliporidhika. Kila kilichorekodiwa alikinakili kwenye diski mbili kabla ya kusimama.

Leo Koinet anafundisha Kisaju, waya wa kusikilizia kompyuta ukiwa sikioni. Yeyo hajasema neno. Ijumaa moja Seleyian alimuuliza kakaye darasa linaendeleaje.

"Watoto wanauliza ni nani yuko ndani ya mashine."

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia ni mtu wetu," alisema, kisha akamwomba amsomee yeye mwenyewe, si mashine, ukurasa wa Jumatatu.