Ukili wa Shangazi

Harufu ya miyaa iliyorowekwa, majani ya kusukia mikeka, ikinipata sokoni Kismayo, hata niwe na haraka vipi, miguu husimama yenyewe. Hapo kwa mawazo hurudi kisiwani Chula, nyumbani kwa bibi, kwenye chumba cha shangazi Mwanaesha, dada yake baba.

Shangazi hakuwa akilala usiku. Siku hizi najua ugonjwa wake unaitwa skizofrenia. Nyumbani tulisema tu kwamba anasikia watu. Usiku kucha alisuka ukili, utepe mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, kwa mwanga wa taa ya sola, na jua likipanda ndipo usingizi ulipomchukua hadi alasiri. Mimi niliupima ule ukili kwa shubiri zangu. Ukiwa mrefu nilimsifu, nikiamini hakuna msukaji hodari kama yeye kisiwani.

Muuguzi wa Kismayo alimwambia mama: shangazi anywe dawa saa ile ile kila siku, chai iishie adhuhuri, na mchana asiachwe alale. Aamshwe, atolewe juani. Kazi ya kumwamsha nikapewa mimi, binti wa miaka minane.

Bibi hakupendezwa. Alikuwa na methali ya kila jambo isipokuwa kuosha vyombo, na ya siku ile ilikuwa, "Ukimwamsha aliyelala utalala wewe." Wakubwa wanajua ina maana nyingine. Mimi niliichukua kama ilivyo. Niliogopa kwamba nikimgusa shangazi, usingizi wake utanihamia, nami nisiamke tena. Basi nilisimama mlangoni nikimtazama anavyopumua, kisha nikarudi kwa mama kusema, "Nimemwamsha, amekataa." Nilisema uongo huo siku nyingi, na wallahi nilijiona namfanyia wema.

Alasiri moja nilimkuta ameketi kitandani, macho mekundu.

"Mama yako hakukwambia uniamshe?"

"Aliniambia."

"Mbona waniacha, mwanangu?"

Nikamweleza methali ya bibi. Hakucheka. Akasema polepole, kwa lafudhi yetu ya Chula, "Usiku hapa hapana mchu. Nyote mwalala. Nabaki mimi na hao wasemao, nao hawachoki."

Kesho yake asubuhi nilimshika kidole gumba cha mguu, nikafumba macho, nikavuta. Akaamka. Tukaketi nje juani, tumeegemea ukuta. Haikuwa tiba ya siku moja. Miezi ilipita, ukili ukafupika, na asubuhi moja nikakuta miyaa imo ndani ya beseni, haijaguswa. Nilidhani shangazi ameanza uvivu, nikanuna.

Mkeka alioushona kwa ukili ule ninao hadi leo. Wageni husifu ukubwa wake. Mimi huwashukuru, lakini moyoni naumia, maana kila shubiri niliyoihesabu kwa furaha ilikuwa saa ya shangazi akiwa peke yake, na mimi, chumba cha pili, nimelala.