Gauni Lililopanda Nyuma

Wiki jana nilikuwa kwa fundi wa nguo pale Merigi, nikingoja kupimwa koti, mama mmoja mzee wa kwaya alipoingia na gauni mkononi. Alikuwa amekasirika.

"Mbele inafagia sakafu, nyuma imepanda hadi magotini. Wasichana wananicheka. Mimi kwaya nimeacha!"

Fundi akamgeuza ubavu, akamtazama mgongo polepole.

"Mama, kosa ni langu. Nilikukatia kama msichana. Msichana kiuno kimeingia ndani, nyonga imeinama mbele. Mwanaume naye amenyooka zaidi. Lakini mtu akizeeka, nyonga inarudi nyuma, mabega yanakuja mbele. Wewe hujaharibika, mkao ndio umebadilika."

Akafumua upindo wa nyuma, mbele akakunja. Mama akaenda nyuma ya pazia kuvaa, akarudi akajitazama kwenye kioo, akacheka hadi akashika meza.

"Kumbe nilitaka kuacha kumwimbia Mungu kwa sababu ya makasi!"

Zamu yangu ilipofika nilitoa kifua. Fundi akanipima mgongo mara mbili, kisha akaninong'oneza: "Nyuma nitakuongezea inchi moja, mzee."

Mimi niliingia pale nikiwa kijana.