Herufi Zinazokaa Kwenye Meno

Daktari alisema kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kimalagasi akidhani sikuelewa. Nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza. Alisema meno yatoke yote.

"Hata haya ya mbele?" nikauliza, nikiyagusa kwa kidole.

"Hata hayo, madamu. Yamesimama kwa kuwa hayajasukumwa. Siku utakayouma embe bichi, yatabaki kwenye embe."

Dada yangu mkubwa, aliyenisindikiza, alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mimi sikucheka wala sikulia. Maumivu yalikuwa yamenichosha kiasi kwamba daktari angesema anatoa na taya lenyewe, ningemwomba aanze siku ileile.

Hiyo ilikuwa Mahajanga, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambapo sabuni na mafuta vilikuwa vitu vya kuhangaikia. Nilizaliwa mji huo, lakini nilikuwa nikiishi kisiwa cha Nosy Be. Mwishoni mwa miaka ya sabini, familia nyingi za asili ya Komoro zilipouhama mji kwa hofu baada ya wenzetu kuuawa, mimi na mume wangu tulikwenda kisiwani kwa ndugu zake, tukabaki huko. Dada alibaki Mahajanga, mtaa wa Antanimasaja, kwa sababu mumewe ni mtu wa hapo na hakuna aliyemgusa. Sikuwa na hamu ya kuurudia mji ule. Meno ndiyo yaliyonirudisha.

Nosy Be nilikuwa na chuo cha Kurani. Usidhani ni jengo: ilikuwa baraza ya nyumba yetu, mikeka, na wasichana wadogo waliokuja asubuhi kabla jua halijawa kali, na tena baada ya alasiri. Kwetu mwalimu wa chuo huitwa fundi, mwanamume au mwanamke, na mimi niliitwa fundi tangu kabla sijaolewa. Watoto wale walizungumza Kimalagasi. Kikomoro changu kilikuwa cha jikoni na cha kugombeza. Hiki Kiswahili ninachoandikia nilikipata kwa baba, ambaye alikitumia katika mambo ya dini na ya biashara tu, kama wazee wengi wa pwani yetu. Lakini pale barazani kazi yetu haikuhitaji maneno mengi. Ilikuwa kusoma, kila herufi ya Kiarabu itoke mahali pake. Mimi nilisoma, wao wakaitikia. Nikirudia mara kumi, nao mara kumi.

Kwa miaka kadhaa nilisomesha huku shavu limevimba. Nilibana karafuu kwenye tundu la jino, nilisukutua maji ya chumvi, nilifunga kichwa kwa leso. Usaha ulipoanza kutoka na homa ikawa hainiachi, mume wangu alisema, "Nenda kwa dada yako. Hapa utakufa kwa jino, na mimi nitawaambia watu nini?" Nikamwachia chuo wifi yangu, mke wa mdogo wangu, msichana niliyemsomesha mwenyewe tangu alif, herufi ya kwanza. Nikavuka bahari hadi Ankify, bandari ya bara, nikapanda lori lililobeba magunia ya kahawa, na kila shimo la barabara ile ndefu nililipokea kwenye gego la kushoto.

Daktari hakuyang'oa siku moja. Alianza na magego, akaniacha nipumzike, akaendelea, na ya mbele akayaweka mwisho, nadhani kwa huruma. Sindano ya ganzi iliondoa maumivu lakini haikuondoa sauti. Jino linapoachia mfupa husikika ndani ya kichwa kama ukuni mbichi unaopasuliwa. Kila mara dada alikuwa ananingojea kwenye benchi, ananiweka katika puspus, kigari cha kuvutwa na mtu, ananifunika mdomo kwa ncha ya shuka yake ya shiromani, na tunarudi Antanimasaja, mimi pamba imejaa kinywani, yeye anamwelekeza mvutaji apite wapi.

Kisha ikawa kungoja. Fizi lazima zipone na kujikaza ndipo yatengenezwe meno ya bandia, na hakuna dawa ya kuziharakisha. Nilikunywa uji. Nilikunywa maji ya ukoko wa wali, yale wanayochemsha kwenye sufuria baada ya kupakua, na nilipoyachoka nilikunywa tena, maana hakikuwapo kingine. Dada alipomkaangia mumewe samaki alifunga mlango wa jikoni ili nisisikie harufu. Niliisikia. Sikumwambia, kwa kuwa nilijua anafunga kwa wema.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha lilinikuta kwenye msala wa kuswalia. Siku daktari alipomaliza ya mbele, niliswali adhuhuri kwa kukaa, kwa vile kichwa kilinizunguka, na nilipoanza kusoma, herufi hazikuwapo. Dhal hutaka ncha ya ulimi iguse meno ya juu. Ulimi wangu ulitoka nje ukakuta hewa. Dhad hutaka ubavu wa ulimi uegemee magego. Uliegemea nyama laini yenye kidonda. Nilijua mahali pa kila herufi kama mtu anavyozijua ngazi za nyumbani kwake gizani, na sasa ngazi zilikuwa zimeondolewa.

Dada alinisikia kutoka uani. "Unasoma au unanong'ona?"

"Ninasoma," nikasema. Ilitoka *ninashoma*.

Akaja akakaa kando yangu. "Mungu anamsikia hata kibogoyo," akasema.

"Mungu, ndiyo. Watoto je?"

Alinipaka liwa mashavuni, mahali palipokuwa bado pamevimba, polepole, kama alivyokuwa akinipaka tulipokuwa wasichana.

Meno mapya yalipokuwa tayari, daktari alinipa kioo kidogo. Yalikuwa meupe kuliko meno ya mtu yeyote ninayemjua, na makubwa. Midomo yangu haikuweza kuyafunika bila kujilazimisha. Yalijaza kinywa hata nikahisi kutapika, mate yakanitiririka hadi kidevuni.

"Ni ya kwako sasa," akasema daktari. "Uyazoee. Kila siku soma kitu kwa sauti, chochote, gazeti, utauzoeza ulimi."

Dada aliniangalia kwa muda mrefu. "Umekuwa kama mwanamke wa kwenye kalenda," akasema. Kisha, alipoona uso wangu, "Wa kwenye kalenda nzuri."

Nilisoma kwa sauti, nikielekea ukuta wa chumba cha nyuma, sura fupi zile ninazowafundisha watoto wa kwanza kabisa. Dhal ilirudi nusu. Lakini sin ilikuja na mluzi. Kila penye sin, hewa ilipita kati ya meno na paa la kinywa ikapiga filimbi nyembamba, na sura hizo fupi zina sin nyingi. Nilisoma hadi fizi zikatoa damu. Nilivua, nikasukutua, nikavaa, nikasoma. Shemeji yangu aliniulizia kwa mwalimu wa msikitini kama lazima niyavue kila ninapotawadha. Jibu likaja kwamba kusukutua ni sunna, nisijitese. Hilo peke yake lilinipa nafuu.

Niliporudi Nosy Be, mume wangu alikuja kunipokea kwenye gati. Alichukua mzigo wangu, akanitazama mdomoni, akatazama baharini, akanitazama tena.

"Yanauma?" akauliza.

"Yanauma."

"Basi vua. Nani anakuona?"

Kulikuwa na watu wengi gatini, wote wakiniona. Lakini nilielewa alichotaka kusema. Tulipofika nyumbani niliyavua, na tulikula mokari, vikate vya mchele na nazi, vilivyolowekwa kwenye chai. Alilowesha vya kwake pia, ingawa meno yake yalikuwa mazima.

Asubuhi iliyofuata watoto walijaa barazani. Wifi yangu aliinuka mahali pangu, akakaa nyuma yao kama mwanafunzi. Nikafungua kwa jina la Mungu, na mluzi ukatoka hapohapo, mapema kuliko nilivyotarajia. Nikaendelea. Nikasoma aya, nikanyamaza ili waitikie.

Wakaitikia, wote, na mluzi.

Nilidhani wananicheza shere. Niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa akicheka. Walikuwa wamekaza macho kwenye mdomo wangu, wamebana midomo yao midogo, wanajitahidi. Mmoja wa mbele, aliyekuwa na pengo la meno ya utoto, alikuwa karibu kulia kwa sababu filimbi haikumtoka.

"Msipige mluzi," nikasema.

Wakatazamana. Mkubwa wao akasema kwa adabu, "Fundi, tunasoma kama unavyosoma."

Nilijaribu tena, polepole. Wakanifuata, polepole. Baraza nzima ikapiga filimbi. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu alisimama barabarani akasikiliza. Nikayavua meno mbele yao, nikayafunga kwenye leso, nikasoma bila meno, na hapo ikawa mbaya zaidi: walijitahidi kukunja midomo ndani, kama vikongwe. Sikuwa na hasira nao. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba kusoma ni kumfuata fundi kwa sikio na kwa jicho, na wala usiongeze chako.

Nikamwita wifi yangu. "Njoo usome."

"Fundi, mbele yako?"

"Njoo."

Alisoma. Herufi zake zilikuwa zangu, zile za zamani, na nilizijua moja moja jinsi nilivyompa. Watoto walimfuata vizuri, mluzi ukakoma. Niliingia jikoni nikaanza kuchambua mchele.

Tulikubaliana kwamba ni kwa muda tu. Niliwaambia wazazi vivyo hivyo. Kila asubuhi yeye barazani, mimi jikoni, masikio yangu barazani. Mwanzoni nilikuwa nikitokea mlangoni kumsahihisha mtoto aliyeteleza, nikinyoosha kidole bila kusema. Baadaye nilimwachia. Safu ya chini ya meno haikutulia hata siku moja. Ilielea juu ya ulimi, ikakwangua, ikaleta vidonda, na nikaizoea kuwa ndani ya bakuli la maji kuliko kuwa kinywani. Safu ya juu niliivaa kwa wageni, kwa harusi na kwa maziko. Nyama niliikata vipande vidogo kama vya paka. Achari ya embe niliiacha. Watu walizoea meno yangu kabla yangu, na hata mume wangu alifika mahali akashangaa akiniona sinayo.

Miaka ilipita hivyo. Wifi alizaa, akasomesha na mtoto mgongoni, akazaa tena. Wanafunzi wake wa kwanza wakaolewa. Sikumbuki ni lini watoto waliacha kuniita fundi na kuanza kuniita bibi, lakini siku nilipong'amua, jambo lilikuwa limekwisha kuwa la zamani.

Fizi nazo hupungua. Meno yale yalilegea kabisa, na dada akanisisitiza nirudi Mahajanga, maana kulikuwa na daktari mwingine, mwanamke, mwenye mkono mwepesi. Safari hii mwanangu alinilipia ndege, nikashuka uwanja wa ndege wa Amborovy na sikuwa na vumbi hata kwenye viatu. Huyu daktari alichukua vipimo vya kinywa changu mara nyingi kuliko yule wa kwanza, akaniuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa.

"Unataka uweze kufanya nini nayo?"

"Kusoma," nikasema.

Hakuwa Mwislamu. Alinitaka nimsomee, hapo kitini, ili asikie mahali hewa inapotorokea. Nikasoma. Akakwangua kidogo nyuma ya meno ya mbele, nikasoma tena, akakwangua. Alipomaliza, sin ilitoka tupu, bila filimbi. Dhad haikurudi yote, lakini ilirudi ya kutosha mtu kuitambua. Dada alikuwa kwenye kiti cha kungojea, mzee sasa, na alipolisikia neno la mwisho la Fatiha kupitia mlangoni aliitikia "Amin" kwa sauti, watu wengine wakageuka.

Nilirudi Nosy Be. Wifi yangu alinisikia nikiswali asubuhi ya kwanza, akangoja nimalize, akaja akakaa kwenye ukingo wa mkeka.

"Fundi, zimerudi."

"Zimerudi."

"Basi urudi mahali pako. Mimi nilikushikia tu. Watoto wakija nitawaambia."

Nilikuwa nimelitaka neno hilo kwa miaka mingi, na jibu lake nilikuwa nalo tayari. Nilipofungua mdomo kulitoa, nilichokiona ni ule mkeka, na watoto ambao siwajui hata wazazi wao, na alif, na mara kumi, na mara kumi nyingine. Mgongo wangu ulikataa kabla yangu.

"La," nikasema. "Kaa hapohapo."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea kitu. Nimechoka, mwanangu. Nilichoka zamani, kabla hata ya meno. Nilidhani ni meno."

Alinishika mkono. Macho yake yalilowa, na sikujua kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili yake, kwa kuwa naye sasa alijua kazi ile ni yake mpaka mwisho. Kisha watoto wakaanza kufika, mmoja mmoja, wakivua ndala zao kwenye ngazi, naye akainuka akaenda kuwapanga.

Mimi niliingia ndani, nikayavua meno, nikayaosha vizuri, nikajilaza mpaka adhana ya adhuhuri.