Siku Mama Mdogo Alipotwanga Chuma

Nikipita karibu na gereji, harufu ya mafuta ya taa yaliyolowesha kutu hunichekesha. Wenzangu hukunja pua; mimi nasikia vigelegele.

Nilikuwa na miaka minane, kwetu Masasi, enzi za Mwingereza. Kesho yake Agnesi, mdogo wake mama, alikuwa aolewe Newala na mwalimu wa huko, na gari la kumpandisha mlimani lilikuwa moja tu: gari kuukuu la mjomba Danieli, kaka yao. Nalo lilikuwa uani, gurudumu la mbele limevuliwa. Kichwa cha tairodi, kile kiungo kinachogeuza gurudumu usukani ukizungushwa, kilikuwa kinacheza kama jino bovu. Kipya kilikuwepo. Cha zamani ndicho kilichokataa kutoka.

"Na kona zile za Newala," alisema mjomba, "nikienda hivi, harusi itageuka matanga."

Nati ilishafunguliwa, lakini pini yake ilikuwa imeganda tunduni kwa kutu, hata baada ya kuloweshwa mafuta ya taa. Dawa yake ni nyundo mbili kulipiga tundu huku na huku kwa pigo moja, lishtuke, liachie. Tangu asubuhi mjomba na utingo wake Musa walipiga, na tangu asubuhi hawakupatana.

"Wewe Musa! Mimi napiga leo, wewe unapiga kesho!"

Mama, aliyekuwa akipepeta mtama, alicheka hadi ungo ukayumba, na jirani yetu akacheka naye kutoka penye uzio. "Kaka, mngekuwa kwenye kinu mngeshavunjana vidole."

"Basi njoo utwange wewe, Mama Neema!"

"Mwenzangu wa kutwanga mmemfungia ndani."

Bibi harusi hatoki nje siku ya mwisho. Bibi yangu alianza kung'aka, lakini kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akalitazama jua, akalitazama gari.

"Atoke."

Mama mdogo akatoka, kajitanda kanga mbili, macho tu yanaonekana, na macho yenyewe yanacheka. Wakachutama, kila mmoja upande wake. Mazoea yakawaponza: wakapokezana, ngo-ngo, ngo-ngo, mchi na mchi.

"Pamoja!" mjomba akapiga kelele. "Hicho si kinu!"

Wakaanzisha wimbo wao wa kutwangia, nyundo zikawa zinashuka kwenye neno moja. Ngo! Ngo! Pigo la tano, pini ikadondoka mchangani. Musa akacheza na spana kichwani. Bibi, aliyekuwa akikataza, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Asubuhi tukapanda Newala tukiimba kila kona.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama ushindi juu ya kutu. Majuzi tu, nikimfungia mizigo mdogo wangu anayeolewa mbali, ndipo nilipomwelewa mama. Siku ile jirani yetu, ambaye mama alitwanga naye kila wiki, alikuwa amesimama pale pale penye uzio akitutazama, mikono mitupu, tayari kuitwa. Mama hakugeuza hata shingo kumwita; alimtaka mdogo wake.