Gitaa la Hellena na Nyumba Isiyo na Dari

Hellena hakuja Sumbawanga kuomba ruhusa ya mtu. Alikuja kuuza dagaa na migebuka, na kuishi katika chumba ambacho kufuli lake angelifunga na kulifungua mwenyewe. Ni mtoto wa Kasanga, bandarini kando ya ziwa, ambako baba yake alipakia mizigo ya kwenda Zambia na Kongo. Wapiga muziki kutoka ng'ambo walikuwa wakishuka hapo na magitaa yao wakisubiri chombo cha kuwapeleka mbele, na hao ndio waliomfundisha kupiga solo angali msichana. Kisha akaolewa. Mumewe akamwambia mapema kabisa, hata sherehe haijapoa, kwamba mke wa mtu hashiki gitaa. Gitaa likauzwa. Ndoa nayo ilikuja ikafa, kwa sababu nyingine ambazo hazituhusu, na Hellena akapanda huku juu na mzigo wake wa samaki, na binti yake Sharon, na kiapo kimoja: hakuna tena atakayeviamuru vidole vyake.

Kiapo hicho alikitunza kwa miaka bila shida yoyote, kwa sababu hakuwa na gitaa. Shida ilianza alipolipata.

Lilikuwa gitaa la umeme, jekundu, limetumika lakini zima, na alilibeba kutoka stendi likiwa limefungwa kwenye kitenge. Sasa gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Linalia kidogo, kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua, na mtu hawezi kujifunza solo ya bendi kwa sauti ya mbu. Ilibidi atafute amplifaya, na ilibidi aitafute akiwa na nyumba ya Mzee Teodori akilini.

Nyumba yenyewe inahitaji maelezo. Mzee Teodori, ambaye mashamba yake ya mahindi na ulezi yako Kasense, alijenga nyumba nzuri ya kupangisha: matofali ya kuchoma, bati la rangi, vyumba sita vinavyotazamana na ua mmoja wenye bomba. Ila dari hakuweka. Kuta zimeishia kwenye mtambaapanya, na kutoka hapo hadi kwenye bati ni hewa tupu. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anamwambia afya. Wapangaji wanajua nani kagombana na nani, nani anakoroma, na nani kapika nyama akasema ni maharage. Na humo humo anaishi Adolfu, kijana wa bodaboda, mwenye sabufa kubwa kama jokofu. Jumamosi akiifungulia, sufuria zinatembea zenyewe mezani. Hakuna aliyewahi kumwitia kikao. Wanasema kijana anaburudika.

Hellena alikwenda kwa Lazaro, fundi redio wa karibu na soko, ambaye pia anapiga besi katika bendi ndogo ya harusi. Lazaro ndiye aliyemwambia kwamba bendi haina mpiga solo tangu wa zamani ahamie Mbeya. Nafasi ipo, ajinoe tu.

"Hii hapa ni wati mia," Lazaro akasema, akipigapiga mgongo wa amplifaya iliyomfika kiunoni. "Tamu sana. Lakini ukiifungua hata robo, mzee atakufuata na panga."

"Na nikichomeka kwenye sabufa? Jirani yangu anayo."

"Aka! Sabufa ni ya mdundo. Gitaa likipita humo linatoka kama mtu anakata bati, na spika utaiunguza ugombane na watu bure." Akainama chini ya meza, akatoa kiboksi kidogo ambacho kingeingia kwenye ndoo ya dagaa. "Chukua hii, dada. Wati kumi. Usidharau, chumbani wati kumi ni nyingi. Usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukutani, maana ukuta unabeba sauti kuipeleka kwa jirani. Ipandishe kwenye kiti, ielekeze kwenye godoro. Na ona hapa." Akamwonyesha kitundu pembeni. "Wakikushinda kwa maneno, chomeka hedifoni. Spika inanyamaza, unasikia wewe peke yako."

Hellena aliijaribu palepale dukani. Alipopiga nyuzi tatu za kwanza, macho yakamjaa machozi, na hakujificha. Alinunua kiboksi na hedifoni pamoja, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa siku za mwanzo alifuata maelekezo yote. Akitoka sokoni, anaoga harufu ya samaki, anapandisha kiboksi kwenye kiti, anakielekeza kwenye godoro, anapiga kwa sauti ambayo isingemwamsha hata kuku. Lakini nyumba haina dari. Jirani wa ukuta mmoja, Valeria, ambaye wote humwita mama Kelvin, akaanza kugonga ukuta.

"Mama Sharon! Mtoto amelala!"

Mtoto mwenyewe, Kelvin, alikuwa uani anapiga danadana. Hellena alimwona kupitia dirishani. Akapunguza sauti hata hivyo, maana ujirani ni ujirani. Valeria akagonga tena. Hatimaye shauri likafika kwa Mzee Teodori, na mzee akaja na koti lake zito, maana ilikuwa miezi ile ya baridi na upepo, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama Sharon, hilo gitaa sitaki kulisikia humu ndani. Umenielewa? Sitaki kulisikia."

"Nimekuelewa, mzee. Hutalisikia."

Na kweli alimwelewa, neno kwa neno. Hakuambiwa asilipige. Aliambiwa lisisikike. Tangu siku ile alichomeka hedifoni, akafumba macho, akapiga kwa sauti yote aliyoitaka, na ndani ya masikio yake kulikuwa na ukumbi mzima wa harusi. Uani hawakusikia kitu. Alijiona mjanja, na nadhani mimi na wewe tungejiona hivyo hivyo.

Jumatano moja jioni, jua lingalipo, Valeria alikuja kuazima ungo. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga hodi ya pili, kisha ya tatu, na mlango ulikuwa wazi, pazia tu ndilo lililoshushwa. Akalifunua. Akamwona mwenziwe ameketi kitandani, amefumba macho, waya umetoka masikioni, kichwa kinakwenda huku na huku, midomo inatetema, vidole vinakimbia juu ya nyuzi kwa kasi ya ajabu, na hakuna sauti. Upepo juu ya bati umeimeza hata ile ya mbu. Valeria akalirudisha pazia taratibu, akaenda zake bila ungo.

Swali alilolibeba kwenda nalo bombani lilikuwa fupi, na ndiyo maana lilienea haraka. Gitaa halilii, sasa anampigia nani?

Mji huu umetaniwa na nchi nzima. Ukifika mahali ukasema unatoka Sumbawanga, watu wanajifanya kurudi nyuma na kukuomba usiwaroge. Tumezoea, tunacheka nao, kisha tukirudi nyumbani tunageuka na kunyoosheana vidole sisi kwa sisi kwa jambo dogo kama hedifoni. Hilo mimi linanikera kuliko utani wa wageni. Kesho yake Hellena alifika bombani, wenzake wakasogeza ndoo zao. Valeria akahamisha mahindi aliyokuwa ameyaanika mbele ya mlango wake. Siku iliyofuata Hellena akakuta chumvi imemwagwa kizingitini, mstari mzima, kutoka ukuta hadi ukuta.

Alisimama akaitazama. Alijua maana yake: ni kinga ya kumzuia mchawi asitoke. Ilikuwa chumvi nzuri ya mawe, ambayo ingetosha kukaushia samaki wa watu. Akaifagia yote mpaka uani mbele ya macho ya kila aliyekuwepo, taratibu, kisha akaingia ndani akachomeka hedifoni.

Kikao kiliitishwa Jumapili baada ya misa. Wapangaji walikaa uani wakipukuchua mahindi, kwa sababu mahindi hayangoji kikao, na Mzee Teodori akawekewa kigoda barazani, karibu na soketi ambayo Adolfu hutumia kuchaji simu za abiria wake.

"Mama Sharon," mzee akaanza, "watu wana hofu. Wanasema unapiga gitaa lisilo na sauti. Mimi sitaki maneno ya namna hiyo kwenye nyumba yangu. Yakishatoka nje, nitapata mpangaji wapi?"

"Mzee, wewe ndiye uliyesema hutaki kulisikia."

Mtu mmoja akacheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Mimi nilipiga hodi," Valeria akasema. "Hodi tatu, mlango wazi, na mtu yumo ndani! Mtu gani asiyeitikia hodi? Macho ameyafumba, vidole vinakwenda. Anayemsikiliza ni nani, mimi sijui."

"Hodi sikuisikia, mama Kelvin. Kwa hilo nakuomba radhi, tena kwa moyo wote, maana hodi ni hodi. Lakini ni kwa hilo tu." Hellena akainuka, akaingia ndani, akatoka na hedifoni zikining'inia mkononi. "Anayesikiliza ni mimi. Njoo uvae, nikupigie, usikie ninachosikia."

Valeria akarudi nyuma na kigoda chake. "Usinisogezee hivyo vidude!"

"Adolfu, wewe je? Wewe unajua hizi."

Adolfu alizijua vizuri sana, anazo zake. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na kijana akainamia gunzi lake kana kwamba limeandikwa kitu. Hapo ndipo Hellena alipochoka. Siyo kwa chumvi wala kwa ndoo. Kwa kijana mwenye sabufa aliyeona aibu kusema anajua hedifoni ni nini.

Mzee Teodori akajisafisha koo. "Basi tusigombane. Uamuzi wangu ni huu. Gitaa litoke kwenye nyumba hii, au utoke nalo."

Mahindi yakaacha kudondoka. Hellena alimtazama mzee, na katika koti lile zito aliona mtu mwingine, wa Kasanga, aliyesimama mlangoni namna hiyo hiyo siku za mwanzo za ndoa. Chumba hiki kilikuwa karibu na soko na karibu na shule ya Sharon, na akitoka hapa na sifa ya uchawi, nani angempokea? Alijua anachokiweka rehani. Akageuka, akaingia ndani, na wote wakasikia, maana hakuna dari, vitu vikiburutwa.

"Anafungasha," mtu akanong'ona.

Hakuwa anafungasha. Alitoka na gitaa begani na kiboksi mkononi, na hedifoni hakuzibeba. Akakiweka kiboksi juu ya ngazi ya baraza, hakukielekeza kwenye godoro wala ukutani, alikielekeza kwa watu. Akainama mbele ya magoti ya mzee, akachomeka waya kwenye soketi.

"Nilipopiga kwa sauti, mlisema kelele," akasema. "Nikapiga kimya, mkasema uchawi. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sauti ya katikati ya hizo mbili haipo. Gitaa siliuzi. Niliuza moja, inatosha. Na kuhama nitahama siku sabufa ya Adolfu itakapohama, tupande gari moja."

"Mama Sharon..."

"Leo mtalisikia."

Akapiga. Alipiga ule mtindo wa ziwani, ambao nyuzi nyembamba zinaulizana na kujibizana bila kupumzika, na wati kumi, zilipotoka nje ya chumba, ziliujaza ua hadi kwenye bati. Hakufumba macho safari hii. Aliwatazama mmoja mmoja, Valeria, Adolfu, wale wa bomba. Aliogopa, nakubali, lakini vidole havikujua.

Mzee Teodori alivumilia kidogo. Kisha akanyoosha mkono, na kila mtu alidhani anachomoa waya. Hakuchomoa. Akashika volyumu ya kiboksi, akaishusha mpaka gitaa likabaki linanong'ona.

Hellena akaacha nyuzi zilie zenyewe. Akainama, akaishika volyumu ileile ambayo vidole vya mzee vilikuwa vimetoka kuiacha, akairudisha palepale ilipokuwa, kisha akaisogeza mbele kidogo. Akanyanyuka, akaendelea kupiga. Mzee akautazama mkono wake mwenyewe, akautia mfukoni mwa koti, na haukutoka tena.