Sindano za Mama Shiko

Kahiga alipomaliza kufunga wavu wa kuku kwenye roshani, alirudi hatua mbili nyuma akautazama kama fundi anayengoja sifa. Wa kumsifu hakuwapo. Nyumba yake, ghorofa ya tatu pale Ruiru, ilikuwa imenyamaza tangu mkewe Wamboi afariki mwezi wa pili. Binti yao Shiko yuko Qatar. Hupiga simu Jumapili, na simu zenyewe ni fupi.

Sasa palikuwa na paka mdogo chini ya kochi. Mama Ikhlas, jirani anayeuza mitumba, alikuwa amempa kwa sharti moja: Jumamosi angekuja kukagua nyumba. Ndugu wa paka huyo, aliyempa mteja wake mmoja, alimeza uzi akafa, naye hakutaka kilio kingine.

Jumamosi saa nne akaja. Akautikisa wavu. Akachungulia nyuma ya friji, palipokuwa na sumu ya panya; pamedekiwa. Ndoo za maji zote zina vifuniko.

"Baba Shiko, we! Hata wanangu sikuwalinda hivi."

"Mimi ni mtu wa kiwanda, Mama Ikhlas."

Kisha akaiendea kona ya dirishani, kwenye cherehani iliyofunikwa shuka. Nyuzi zilining'inia hadi zuliani. Akakanyaga, akaruka.

"Haiya! Sindano!"

"Wacha hapo. Hapo hapaguswi."

"Na paka anajua hapaguswi?"

"Ni vitu vya Mama Shiko."

"Najua, mzee. Alinishonea buibui hapo hapo." Sauti ikashuka. "Lakini huyu akimeza uzi, utazika mara ya pili." Akamfunga paka ndani ya leso yake. "Ukiwa tayari, mlango unaujua."

Kahiga akabaki na bakuli la maziwa. Ukimya wa zamani alikuwa ameuzoea. Huu ulikuwa mpya, nao ulimshinda.

Mchana akafungua redio mbovu, akatoa sumaku ya spika, akaifunga kamba. Kule Thika, kwenye kiwanda cha blanketi alikofanya kazi miaka ishirini na minane, kila zamu ilipoisha waliburuta sumaku sakafuni, sindano iliyovunjika isije ikanasa kwenye blanketi ikamchoma mtu kitandani. Akaiburuta zuliani polepole. Tik. Tik. Pini. Sindano. Nyingine alizikuta kwenye vitambaa vya makochi, alikozichomeka Wamboi kila alipoitwa jikoni, nao ugomvi wao mkubwa ulikuwa huo.

Mwisho akaondoa shuka. Shati lake la buluu lilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani. Wamboi alikuwa akiigeuza kola iliyochakaa. Nusu ameshona, nusu bado. Kahiga aliushika mkasi muda mrefu. Kisha akakata uzi.

Jioni alibisha mlango wa Mama Ikhlas akiwa na kopo la sindano mkononi. Shati alikuwa amelivaa, kola imeachia upande mmoja.

Mama Ikhlas akatikisa kopo, akatazama kola.

"Nikumalizie hiyo?"

"Aca, hapana, mama. Wacha tu hivyo."

 Mama Ikhlas alimsogelea, akaukata kwa meno uzi mmoja uliokuwa ukining'inia kolani, akautia ndani ya kopo. Ndipo akamletea paka.