Chui Alikuwa na Njaa

Enzi zetu pale Nyakasimbi, kabla ya uhuru, hadithi na kumenya ndizi vilikwenda pamoja. Jua likianza kupoa tulikaa jikoni kwenye nyasi zilizotandikwa, wanawake na watoto, kila mtu na kisu chake, vidole vyeusi kwa utomvu. Aliyemenya kivivu alifukuzwa kabla hadithi haijaisha. Wajukuu zangu hawajui kumenya hata ndizi moja. Utomvu eti unaharibu kucha.

Msimulizi wetu alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyemkimbia mumewe kule Nyakatuntu akarudi kwetu na kikapu kimoja. Kijiji kizima kilimwita mkorofi. Mama za wenzetu walisimulia habari za mbuzi mtiifu. Shangazi alianza hivi: "Mimi ni chui. Tangu juzi sijala, na mbuzi huyu ananicheka." Palepale tulihamia upande wa chui. Mbuzi akiponyoka, mdogo wetu wa mwisho alilia, ingawa aliwapenda mno mbuzi wa kwetu. Ilikuwa raha tupu: mchana kutwa tuliamriwa kuwa wema, jioni tukapewa meno.

Balaa lilitokea siku dada yangu Kokubelwa alipoulizwa maswali ya dini na katekista ili abatizwe. Gauni jeupe lilikwisha shonwa, na jogoo wa sherehe alikwisha fungwa mguu. Katekista akamtaka aeleze habari za Hawa na lile tunda. Dada akakunja mikono, akaanza: "Mimi ni nyoka. Nimejilalia zangu, hakuna hata anayenisalimu."

Watoto wakaangua kicheko. Katekista, nakuapia, alimwacha afike mwisho, tena akauliza nyoka alijibu nini. Ndipo akakumbuka cheo chake, akamrudisha nyumbani asubiri mwaka mwingine. Dada alilia njia nzima. Aliyefurahi ni jogoo peke yake.

Baba hakupiga kelele. Alimwambia shangazi mbele yetu, "Dada, hadithi hizo zikome, la sivyo urudi kwa mumeo."

"Nimesikia, kaka," alijibu, akaendelea kumenya.

Tangu hapo tulimenya kimya kama wafiwa. Nilimchukia katekista, nikamchukia na nyoka.

Siku moja Kokubelwa alishindwa kuvumilia. Alimtazama shangazi, akaanza yeye: "Mimi ni mume wa shangazi. Nimerudi kutoka shambani, nakuta mke wangu amenikimbia..."

Tulishika vinywa. Nilidhani shangazi atacheka, maana alikwisha wasemea chui, fisi, mpaka mchawi. Aliweka kisu chini.

"Huyo mwache, mwanangu," alisema. "Huyo ameshasemewa na kijiji kizima."

Dada alibatizwa mwaka uliofuata, gauni likiwa limembana kwapani. Siku hizi wajukuu hunieleza sinema zao kwa majivuno: muuaji ndiye anayesimulia, nasi tumwonee huruma, kana kwamba jambo hilo lilizaliwa juzi Dar es Salaam. Nawaacha waseme. Ninachotamani ni jiko lile, na shangazi akiwa hai, nikae naye tena kwenye nyasi. Watoto wa leo humwuliza kila jambazi kisa chake. Sisi tuliijua njaa ya chui na upweke wa nyoka, lakini kilichomtoa shangazi Nyakatuntu hatukumwuliza, na jioni za kumwuliza zilikuwa tele.